Nimeongeza diski ya wingu hadi GB 60, mbona seva bado inaona GB 20?

*"Shikamoo kaka. Nasimamia mfumo wa mauzo wa duka la vipuri vya pikipiki hapa Ngamiani, tuna matawi Muheza na Korogwe. Seva ni Ubuntu 22.04, iko AWS kule Cape Town, ina diski moja ya GB 20 iliyobeba kila kitu pamoja na PostgreSQL. Juzi mchana diski ilijaa, matawi yote yakashindwa kukata risiti, mpaka sasa wanaandika kwenye daftari. Bosi akakubali kulipia, nikaandika aws ec2 modify-volume kuipeleka GB 60 na amri ikakubaliwa. Lakini df -h bado inasema GB 20, imejaa 100%. lsblk inaonyesha 60G juu na 19.9G chini yake. Nikajaribu growpart, ikajibu 'No space left on device'. Nafasi gani tena haipo na nimenunua GB 40? Mwenzangu anasema nifute mafaili ya pg_wal maana ndiyo makubwa, au nipige mkfs ili diski ijisome upya. Bosi anauliza hela yake imekwenda wapi, na kama tukiona 60 ni nyingi tunaweza kurudi 30. Nifanyeje nisipoteze mauzo ya miaka mitatu?"*

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya lolote: usipige mkfs, na usifute hata faili moja ndani ya pg_wal, folda ambamo PostgreSQL, programu yenu ya hifadhidata, huandika kila badiliko kwanza. Ukishashika hilo, tulia, kwa sababu mauzo yenu yako palepale yalipokuwa na hela ya bosi haijapotea. Zile GB 40 zimeshafika kwenye mashine yako, na lsblk ndiyo shahidi. Kazi iliyobaki ni ya dakika chache, ila ina mpangilio wake.

Watu wengi huichukulia diski ya wingu kama kitu kimoja: unaiongeza, imeongezeka, basi. Kumbe ni tabaka tatu, na kila tabaka ina hesabu yake. Chini kabisa kuna volyumu. Hiyo ni safu ndefu ya bloku, yaani vipande vidogo vya hifadhi, zenye namba na hakuna zaidi. Mtoa huduma hajui ndani yake mna Ubuntu, mna PostgreSQL au hamna kitu. Yeye anatunza bloku namba fulani hadi namba fulani, ndiyo maana ikaitwa hifadhi ya bloku. Juu ya volyumu kuna jedwali la patisheni, maandishi mafupi yanayosema patisheni ya kwanza inaanzia bloku hii na kuishia ile. Juu ya patisheni ndipo unapokaa mfumo wa faili, kwako ni ext4, ambao una daftari lake la bloku ngapi anazo, zipi zimeshikwa na zipi ziko wazi.

Fikiria una kiwanja Mabokweni na umeongezewa mita kadhaa upande wa nyuma. Hati mpya unayo mkononi, lakini ukuta uko ulipojengwa mwanzo na vyumba ni vilevile. Amri ya modify-volume imebadilisha hati tu. Kusogeza ukuta ni kazi ya growpart, na kuongeza vyumba hadi kwenye ukuta mpya ni kazi ya resize2fs. Mkfs yeye hasogezi wala haongezi: anachora nyumba mpya tupu juu ya ile iliyopo, na orodha ya kila kilichokuwemo inafutika. Ni kweli mkfs.ext4 hukataa patisheni inayotumika wakati huo, kwa hiyo ukiipiga kwenye diski ya mfumo itakugomea. Lakini siku mwenzako akiichomoa hiyo volyumu na kuiunganisha kwenye mashine nyingine, itamuuliza tu kama ana uhakika, na akijibu y imekwisha.

Sasa hilo jibu la "No space left on device", ambalo naona ndilo lililokukatisha tamaa. growpart haikusema kwamba volyumu haina nafasi. Soma mstari wenyewe vizuri, utaona umetaja /tmp. Hii programu kabla ya kugusa jedwali la patisheni hutengeneza folda ndogo ya muda ndani ya /tmp, na /tmp yako iko kwenye diski ileile iliyojaa. Imekwama mlangoni hata haijaanza kazi. Dawa yake ni kuipa /tmp ya muda ndani ya RAM.

Lakini anza na snapshoti, yaani nakala ya volyumu nzima ilivyo sasa. Inachukuliwa upande wa mtoa huduma, nje ya mashine yako, kwa hiyo diski kujaa hakuizuii. Kwenye kompyuta yako, si kwenye seva, andika ukiweka namba ya volyumu yenu:

`aws ec2 create-snapshot --region af-south-1 --volume-id vol-... --description "kabla ya kupanua"`

Itakurudishia namba inayoanza na snap-. Subiri ikamilike:

`aws ec2 wait snapshot-completed --region af-south-1 --snapshot-ids snap-...`

Amri hii ya pili hukaa kimya tu ikisubiri, usidhani imeganda; ikikata baada ya kama dakika kumi kazi haijaisha, irudie. Wakati unasubiri, angalia lile badiliko la ukubwa limefikia wapi:

`aws ec2 describe-volumes-modifications --region af-south-1 --volume-ids vol-...`

Ukiona hali ni optimizing au completed, unaweza kuendelea. Wengi wakiona optimizing husubiri masaa mengi bila sababu. Volyumu ikishafika hapo ukubwa mpya tayari unatumika, na mtoa huduma anamalizia kazi yake nyuma ya pazia. Kinachosubiri completed ni badiliko jingine juu ya volyumu hiyohiyo.

Sasa ingia kwenye seva. Laptop iwe na chaji na bando la simu liwe karibu, umeme wetu unaujua. Andika hizi moja moja, na usipige ya chini kabla hujasoma jibu la juu:

`lsblk`
`df -hT /`
`sudo mount -t tmpfs -o size=10M,rw,nodev,nosuid tmpfs /tmp`
`sudo growpart /dev/nvme0n1 1`
`sudo resize2fs /dev/nvme0n1p1`
`sudo umount /tmp`
`df -h /`

Mbili za kwanza ni za kujihakikishia. lsblk ikupe nvme0n1 yenye 60G, na chini yake nvme0n1p1 yenye 19.9G iliyopachikwa kwenye /. Utaona pia vijipatisheni viwili vyenye namba 14 na 15. Usivishughulikie, ni vya kuwashia mashine na kwenye diski vimekaa mwanzoni, kwa hiyo japo p1 ina namba ndogo ndiyo iliyo mwishoni na upande wake wa nyuma uko wazi. df -hT ikuandikie ext4. Ikiandika xfs, kama ilivyo kwenye Amazon Linux, resize2fs si yako; utatumia `sudo xfs_growfs /`.

Angalia nafasi iliyopo kati ya nvme0n1 na 1 kwenye growpart. Hiyo nafasi ni ya lazima, kwa sababu unataja diski kwanza na namba ya patisheni baadaye. Kwenye resize2fs zinaungana na kuwa nvme0n1p1. Nimeshapokea maswali mengi ambayo kosa lake lilikuwa hapo tu. growpart ikifanikiwa mstari wake unaanza na CHANGED. Ukiona NOCHANGE ujue ukuta ulishasogezwa, nenda resize2fs. Nayo itamaliza kwa kukuambia mfumo wa faili sasa una bloku ngapi za 4k. Yote haya yanafanyika seva ikiwa inatembea.

Utauliza kwa nini usiiwashe upya tu. Ni swali la haki, maana Ubuntu ya wingu ina programu inayoitwa cloud-init ambayo kila mashine inapowaka hujaribu kupanua patisheni na mfumo wa faili yenyewe, na kwa diski isiyojaa njia hiyo hufanya kazi vizuri. Yako imejaa 100%. Mashine inayowaka inahitaji kuandika vitu vingi, na ikikosa pa kuandika unaweza kujikuta nje huna hata pa kuingilia. Halafu kuna tofauti ya kuwasha upya na kuzima kisha kuwasha: ukizima kabisa kwa stop-instances na hamna Elastic IP (anwani ya kudumu), anwani ya nje ya seva inabadilika, na matawi ya Muheza na Korogwe hayataiona tena hata kama imepona. Panua ikiwa hai.

Nafasi ikishapatikana, PostgreSQL inaweza kuwa imesimama, kwa sababu ikikosa pa kuandika pg_wal huwa inajizima yenyewe. Kwenye Ubuntu 22.04 toleo la kawaida ni la 14, kwa hiyo:

`sudo systemctl start postgresql@14-main`
`sudo tail -n 50 /var/log/postgresql/postgresql-14-main.log`

Unatafuta maneno "database system is ready to accept connections". Kabla yake utaona mistari ya recovery, na hiyo isikutishe: hapo PostgreSQL anasoma pg_wal kuona mauzo yapi yalishakubaliwa lakini hayajafika kwenye majedwali. Sasa unaona kwa nini nimekukataza kufuta. Ichukulie kama lile daftari ambalo matawi wanaandikia leo. Mauzo yamo humo, bado hayajaingia kwenye mfumo. Mtu akija akasema daftari ni nene, achane kurasa za katikati apate nafasi mezani, mtamruhusu? pg_wal ni daftari hilo, na PostgreSQL huzisafisha kurasa zake mwenyewe akishamaliza nazo.

Ila mwenzako ameona jambo la kweli, na usilipuuze. pg_wal kuvimba mpaka kujaza diski kwa duka la vipuri si kawaida. Kuna kinachoizuia isijisafishe. Mara nyingi ni sloti ya replikesheni (alama ya kuitunzia pg_wal seva ya nakala) iliyoachwa na seva ya pili ambayo haipo tena, au archive_command (amri ya kupeleka nakala za pg_wal kwingine) inayofeli kimyakimya. Ingia psql uulize:

`SELECT slot_name, active FROM pg_replication_slots;`
`SELECT failed_count, last_failed_time FROM pg_stat_archiver;`

Sloti yenye active f, yaani haitumiki, ambayo hakuna kati yenu anayeijua ndiyo mshukiwa wa kwanza. Usipoitibu hiyo, GB 60 nazo zitajaa, na utarudi kwa bosi kuomba GB 120.

Tukija kwenye hela ya bosi, mwambie hivi. Volyumu inalipiwa kwa ukubwa ulioagiza, si kwa ulichotumia, tangu dakika ulipoiongeza. Diski ya aina ya gp3 kwenye kituo cha AWS cha Virginia, Marekani, ni senti 8 za dola kwa GB kwa mwezi, kwa hiyo GB 40 zingekuwa dola 3.20; Cape Town bei iko juu ya hapo. Na kurudi 30 haiwezekani. Volyumu ya EBS, ndiyo huduma ya diski ya AWS, huongezwa tu, haipunguzwi. Ukitaka ndogo unatengeneza nyingine ndogo, unahamisha mafaili, unaitupa ya zamani, na kwa diski ya mfumo maana yake ni karibu kujenga seva upya. Kwa bei ya Virginia, kutoka 60 hadi 30 kungeokoa dola 2.40 kwa mwezi. Mimi nisingeugusa usiku wangu kwa hilo. Ila siku nyingine ongeza kwa hatua ndogo, kwa kuwa njia ni ya upande mmoja. Na kama volyumu yenu bado ni gp2, ibadilishe iwe gp3 kwa modify-volume hiyohiyo na `--volume-type gp3`. gp2 ndogo isiyozidi GB 33 hupewa kasi ya kudumu ya IOPS 100 tu, yaani kusoma au kuandika mara 100 kwa sekunde, na kuazima zaidi inapohitaji. Gp3 inaanza na IOPS 3,000 hata ikiwa ya GB 20, na kwa GB ni nafuu.

Kuna jambo moja nataka ulisikie kwa mtu aliyeumia. Miaka ya nyuma nilikuwa naongeza diski mbili kwenye seva ya mteja mmoja hapa mjini: moja ilishakuwa na picha za stakabadhi, nyingine mpya. Nikaandika kwenye karatasi kwamba mpya ni nvme2n1. Tukawasha mashine upya kwa sababu nyingine, nikarudi, nikapiga mkfs kwenye nvme2n1 nikiisoma kwenye karatasi yangu. Majina yalikuwa yamebadilishana. Linux huyagawa kwa mpangilio wa diski zilivyoitika wakati wa kuwaka, na hakuna ahadi kwamba kesho yatakuwa yaleyale. Nilipoteza stakabadhi za miezi minne, na sikuwa na snapshoti. Nilikwenda kumwambia mteja uso kwa uso, na siku hiyo siisahau. Tangu hapo sigusi diski bila kuandika:

`lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,MOUNTPOINT,SERIAL`

Safu ya SERIAL inakuonyesha namba ya volyumu yenyewe, ileile unayoiona kwa mtoa huduma, ila bila kistari baada ya vol. Linganisha herufi kwa herufi. Na kama FSTYPE ina neno lolote, diski hiyo si tupu.

Hilo utalihitaji karibuni, kwa sababu ushauri wangu mambo yakitulia ni kuitenga PostgreSQL kwenye volyumu yake. Diski moja ikibeba mfumo na hifadhidata, logi moja iliyoshiba inaangusha duka na matawi yote mawili. Unatengeneza kwa `aws ec2 create-volume` katika zoni ileile ya mashine, maana volyumu ya af-south-1a haiunganiki na mashine ya af-south-1b. Ukikosea zoni, njia ya kuihamisha ni kupitia snapshoti. Kisha `aws ec2 attach-volume`, kisha mkfs.ext4 moja kwa moja juu ya diski mpya bila patisheni. Kwa diski ya data hiyo inakupunguzia tabaka moja: siku ya kupanua hakuna growpart, ni resize2fs tu. Kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachika mashine ikiwaka, tumia UUID (kitambulisho cha mfumo wa faili) unayoipata kwa blkid, kamwe si nvme1n1, na ongeza nofail, la sivyo siku volyumu ikichelewa mashine itagoma kuwaka na huna skrini ya kuisogelea. Ukimaliza kuandika, `sudo findmnt --verify` kabla hujawasha upya chochote.

Kuhusu snapshoti, usije ukaitegemea peke yake. Inapiga picha ya bloku zilivyo sekunde ile, sawa na mashine iliyozimika ghafla. PostgreSQL anaamka salama kutoka hali hiyo iwapo data na pg_wal viko volyumu moja, kama kwenu. Lakini karani akifuta bidhaa kimakosa jumatatu, snapshoti ya jumanne imebeba kosa hilohilo, na kurudisha jedwali moja kutoka kwenye snapshoti ni safari. Weka pg_dump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata, kila usiku, nakala yake ikae nje ya mashine, halafu snapshoti kila siku juu yake. Snapshoti za baadaye huhifadhi bloku zilizobadilika tu, na kufuta ya zamani hakuharibu mpya; watu huogopa kuzifuta mpaka bili inapanda.

Ukipata muda, piga pia hii:

`aws ec2 describe-volumes --region af-south-1 --filters Name=status,Values=available --query 'Volumes[].[VolumeId,Size,CreateTime]'`

Neno available hapo maana yake volyumu haijaunganishwa na mashine yoyote, na bado mnailipia. Bosi atafurahi ukimletea hata moja. Ila kabla ya kuifuta piga snapshoti, maana delete-volume haina kurudi nyuma.

Yapo mambo ambayo usiyafanye peke yako kwa kusoma. lsblk ikikuonyesha lvm au raid kwenye safu ya TYPE badala ya part, hatua zangu hazikuhusu. `sudo dmesg` ikiwa na mistari ya I/O error au EXT4-fs error, acha kuandika chochote. PostgreSQL ikikataa kuwaka baada ya nafasi kupatikana na logi ikitaja PANIC, usitafute amri ya pg_resetwal mtandaoni. Hiyo inaweza kuiamsha hifadhidata ikiwa na mauzo yaliyochanganyika. Katika hali yoyote kati ya hizo, tafuta mtu anayejua akae kando yako aione skrini. Kama hakuna karibu, mimi nipo Chumbageni, nitumie ujumbe kwa njia uliyonitumia swali, tukutane baada ya alasiri, na uje na namba ya ile snapshoti.

Fanya leo saa nne usiku matawi yakiwa yamefunga. Ukimaliza, df -h / ikupe karibu 58G na matumizi karibu theluthi moja. Kesho asubuhi waambie Muheza wakate risiti moja ya majaribio kabla hawajaanza kuingiza yale ya kwenye daftari, uione imeingia, ndipo waendelee.